Kidonda Kimefunga, Kazi Haijaisha

Wodi za watoto walioungua, iwe Muhimbili, Bugando au Kenyatta, hazitegemei majanga ya moto yanayotangazwa redioni ili zijae. Chai inatosha. Chai, uji, maharage na maji ya kuoga. Jiko la mkaa hukaa sakafuni, sufuria iliyo juu yake hufika usawa wa kifua cha mtoto wa miaka miwili, na mtoto wa umri huo ana miguu ya kumfikisha popote bila kumbukumbu ya kumzuia. Maji ya nyuzi 60 tu huunguza ngozi yake laini ndani ya sekunde chache. Chai inayotoka jikoni ina nyuzi karibu 90.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuungua huua watu wapatao 180,000 kwa mwaka, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Idadi hiyo haiwagusi waliopona, na waliopona ndio wenye safari ndefu. Sehemu kubwa ya kupona kwa mtoto hufanywa na mtu asiye na mafunzo, zamu wala mshahara, yaani mzazi. Kazi yake huitwa uvumilivu. Jina hilo lina heshima, ila halimwambii la kufanya kesho asubuhi. Kazi yenyewe, ukiitazama kwa karibu, ni ya kiufundi, na tatizo lake kubwa ni kwamba katika hatua kadhaa huruma ya mzazi humvuta kuelekea upande usiofaa.

Hatua ya kwanza inajulikana sana na haifuatwi. Sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya kawaida, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Hata yakichelewa yanasaidia, alimradi saa tatu hazijapita. Joto huendelea kushuka ndani ya ngozi baada ya chai kumwagika, na maji hulizuia. Pasipo na bomba, ndoo na kikombe vinafanya kazi ileile. Lakini dakika 20 ni ndefu mno kwa mtu mwenye hofu. Anataka kupaka kitu, na jirani ana kitu: dawa ya meno, unga wa ngano, ute wa yai, manyoya ya sungura, au ile dawa ya zambarau iitwayo GV. Vyote hufunika kidonda na kumficha daktari kina chake, na vingi lazima vikwanguliwe kabla ya matibabu kuanza. Jirani asichekwe sana. Mwaka 1925 Edward Davidson, daktari wa upasuaji huko Detroit, alieneza matumizi ya asidi ya taniki, ya jamii moja na vitu vinavyoipa chai ukakasi wake, ili kugandisha uso wa kidonda cha moto. Hospitali kubwa za Marekani na Uingereza ziliitumia hadi Vita Kuu vya Pili, ilipobainika kwamba hudhuru ini na kukakamaza vidole. Ilikuwa dawa ya meno yenye cheti.

Hospitalini, swali la mapema kabisa ni saa ngapi mtoto aliungua. Wazazi wengi husikia lawama ndani yake, na wengine hupunguza muda ili wasionekane walizubaa. Swali hilo ni la hesabu. Aliyeungua eneo kubwa huvuja maji kutoka kwenye mishipa yake kwa saa nyingi, na asipoongezewa, damu hupungua nguvu na figo husimama. Kanuni inayotumika zaidi duniani ni ile ya Charles Baxter wa hospitali ya Parkland, Dallas, ya mwaka 1968: mililita 4, zidisha kwa kilo za mgonjwa, zidisha kwa asilimia ya mwili iliyoungua. Kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole vyake huhesabiwa kuwa asilimia 1. Basi mtoto wa kilo 12 aliyeungua asilimia 15 anahitaji mililita 720 ndani ya saa 24, mbali na maji yake ya kawaida ya siku. Nusu, yaani 360, iingie katika saa 8 za mwanzo, na saa hizo huhesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika mapokezi. Aliyeungua saa 2 asubuhi akafika saa 6 mchana amebakiwa na saa 4 za kupokea nusu hiyo. Mzazi akisema aliungua saa 5, dripu itawekwa kwa mwendo wa taratibu, na figo za mtoto zitalipia aibu ya mtu mzima.

Aibu hiyo haitoki hewani. Mama akifika wodini, ndugu wa kwanza kumtembelea humuuliza, “Ulikuwa wapi?” Jibu huwa ni kwamba alikuwa anapika, jambo ambalo muulizaji angelikuta limefanyika kama angekuja saa ya chakula. Utafiti katika nchi mbalimbali umeonyesha kuwa wazazi wa watoto walioungua hupatwa na dalili za kiwewe: usingizi kukatika, tukio kujirudia kichwani, kushtuka sufuria ikigonga. Hayo yanastahili msaada kwa ajili ya mzazi mwenyewe. Yanamhusu mtoto pia kwa sababu moja mahususi. Mzazi anayejiona ana hatia hutaka kufidia, na fidia iliyo karibu ni kumwondolea mtoto kila maumivu yaliyosalia. Kwa wiki chache zijazo hilo litaonekana kama upendo tu. Baadaye litaonekana kwenye kiwiko.

Kusafisha kidonda ndipo maumivu yanapokuwa makali zaidi. Mzazi humwahidi mtoto kwamba haitauma, inauma, na safari ijayo kilio kinaanzia mlangoni. Ahadi ndogo ya kweli hufanya kazi vizuri zaidi: itauma, nitakuwa hapa, ikiisha tutarudi kitandani. Na swali moja kwa nesi lina uzito kuliko faraja nyingi, nalo ni kama dawa ya maumivu imetolewa mapema kiasi cha kuanza kufanya kazi kabla bendeji haijafunguliwa. Chakula nacho ni dawa. Mwili unaojenga ngozi hutumia nguvu na protini kupita kawaida, kwa hiyo mayai, maziwa, dagaa na karanga si vya kumbembelezea mgonjwa, ingawa wodini juisi ya boksi ndiyo inayoletwa na wageni.

Kisha kidonda kinafunga, chenyewe au kwa kupandikizwa ngozi nyembamba iliyotolewa pajani. Daktari anaandika ruhusa, familia inashukuru, na kila mtu anaamini mambo yameisha. Hapo ndipo kazi kubwa inapoanza.

Kidonda kinachozidi wiki tatu kabla ya kufunga kina uwezekano mkubwa wa kuacha kovu nene, jekundu, lenye kuwasha. Ndani ya kovu hilo mna seli ziitwazo miofibroblasti, zilizoelezwa mwaka 1971 na Giulio Gabbiani na wenzake. Zina tabia ya seli za ngozi kwa upande mmoja na za msuli kwa upande mwingine: hutengeneza nyuzi za kovu na papo hapo huzivuta. Kuvuta huko kuna maana, kwani ndiko kunakokutanisha kingo za kidonda. Ila seli hazijui ziko wapi. Zikiwa mgongoni huvuta bila kumpotezea mtoto mengi. Zikiwa kwapani, shingoni, kiwikoni, kiganjani au nyuma ya goti, huvuta kiungo chote pamoja na ngozi, hadi mkono ugande ubavuni au kidevu kishikane na kifua. Hali hiyo wataalamu huiita kontrakcha.

Mtoto mwenyewe huzisaidia seli hizo. Ngozi iliyoungua huuma ikinyooshwa na hutulia ikilegea, kwa hiyo aliyeungua kwapa huubana mkono, aliyeungua shingo huinamisha kichwa, aliyeungua kiganja hukunja ngumi. Mama naye, akiona katulia hivyo, humwekea mto chini ya kichwa, humfunga mkono kifuani kwa kanga, humbeba akiwa amejikunja. Kila kimoja cha vitendo hivi ni cha upole, na kila kimoja kinampa kovu nafasi ya kufupika. Wanaofanya kazi ya viungo wana kanuni fupi juu ya hili: mkao wa starehe ndio mkao wa kontrakcha. Kinachotakiwa ni kinyume chake. Aliyeungua shingo ya mbele alale bila mto, mabega yakiinuliwa kidogo ili kichwa kiegemee nyuma. Mkono wenye kwapa lililoungua utandazwe mbali na ubavu, pembe mraba. Kiwiko na goti vinyooke. Usiku, mtoto asipojitawala, banzi lishike kiungo mahali pake. Pasipo na vifaa maalumu, mabanzi mazuri hutengenezwa kwa plasta, au kwa kipande cha bomba la maji la plastiki kilichopashwa moto na kubonyezwa kwa umbo la mkono.

Mchana kuna kunyoosha. Kovu hupakwa mafuta ya kawaida, hukandwa kwa kidole gumba kwa mizunguko midogo yenye mkandamizo, kisha kiungo huvutwa polepole hadi kovu linapauka. Huko kupauka ndiko kipimo: damu imesukumwa nje, nyuzi zimekazwa. Hushikiliwa hapo kidogo, hulegezwa, hurudiwa. Mtoto hulia. Bibi yake husema mwache apumzike, na kwa jioni hiyo anaonekana ana akili kuliko mtaalamu. Kwa hiyo wazazi wenye mbinu hupunguza kuvuta kwa mikono na kuongeza kazi inayomfanya mtoto ajivute mwenyewe. Andazi linawekwa kwenye rafu iliyo juu kidogo ya utosi wake, upande wa mkono mgonjwa, na rafu hupanda kadiri wiki zinavyokwenda. Nguo zake ndogo huanikwa naye. Mpira hurushwa juu. Kwa mtoto wa miaka minne huo ni mchezo. Kwa kovu ni mazoezi yaleyale, na hakuna anayepaswa kushikwa kwa nguvu.

Yapo pia mavazi ya kubana, yanayovaliwa saa 23 kwa siku ili kulibonyeza kovu lisinenepe. Ni wazi aliyeyabuni hakuwa akiishi Tanga mwezi Februari. Ni ghali, hulegea, na mtoto akikua yanahitaji kushonwa upya, hivyo panapokosekana fedha za kuyapata yote, kunyoosha na banzi ndivyo visivyopaswa kuachwa.

Ugumu ni muda. Kovu huchukua kati ya miezi 12 na 18, wakati mwingine miaka miwili, kukomaa: kupoteza wekundu, kulainika, kuacha kuvuta. Hospitali humwachia mtoto katika mwezi wa kwanza au wa tatu, seli hizo zikiwa katika kilele cha kazi yake. Ukiisoma kadi ya kliniki, kidonda kilichofunga ni mafanikio. Mtoto huyohuyo anaporudi mwaka mmoja baadaye na mkono ulioganda, huingizwa katika orodha nyingine, ya wanaosubiri upasuaji wa kurekebisha, na mara chache mtu huziunganisha orodha hizo mbili. Kati yake kuna nauli, foleni, na mtaalamu wa viungo mmoja anayehudumia wilaya nzima. Mzazi anayeacha kuhudhuria si lazima awe mzembe. Aliambiwa mtoto amepona, na kwa macho yake amepona.

Upasuaji huo upo, na hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam na ile ya CURE huko Kijabe, Kenya, huufanya. Kovu jembamba lililovuta kama kamba hukatwa kwa umbo la Z na vipande vyake kubadilishana nafasi, ili urefu upatikane kutoka kwenye upana. Kovu pana hufunguliwa na kuwekwa ngozi mpya. Lakini ngozi mpya nayo hujikunja, na baada ya chumba cha upasuaji hufuata banzi, mafuta na kunyoosha kama mwanzo, sasa kwa mtoto mkubwa zaidi ambaye amekwisha kujifunza kukataa. Kwa hiyo kusubiri upasuaji kwa matumaini kwamba utaondoa haja ya mazoezi ni kuahirisha mazoezi, kwa gharama ya upasuaji.

Liko jambo moja linalowahusu watoto tu. Mifupa hurefuka, kovu halirefuki kwa kasi hiyo. Aliyeungua kiganja akiwa na miaka miwili anaweza kuanza darasa la kwanza vidole vikiwa vimenyooka, kisha vikaanza kujikunja tena akiwa na miaka 12, wakati anaporefuka kwa haraka, bila jeraha jipya na bila kosa la mtu. Badiliko hilo huja taratibu kiasi kwamba wanaoishi naye ndio wa mwisho kuliona. Njia ya kulinasa ni rahisi: mkono uwekwe mezani, kiganja kikitazama chini, upigwe picha kwa simu kutoka ubavuni, kila baada ya miezi michache, meza ileile na upande uleule. Picha mbili zilizoachana kwa nusu mwaka humwonyesha daktari wa upasuaji pembe anayoweza kuipima, naye ataweza kuamua kama ni wakati wa banzi la usiku tena, au wa kisu.