Maungio ya Mbao kwa Kabati la Bia

Kabla ya kununua bomba la kabati lako la kutolea bia nyumbani, fikiria pembe zake. Pipa dogo la Cornelius, lenye jina la kampuni iliyoanzia hapa Minnesota, huchukua takriban lita 19. Likijaa hukaribia kilo 23. Mzigo huo huingizwa na kutolewa mara kwa mara, na kila glasi inayojazwa huuvuta ubao ulioshika bomba.

Adui mwingine ni hewa. Wakati wa baridi nyumba za Minneapolis na Saint Paul hupashwa moto, hewa hukauka na mbao husinyaa. Majira ya joto unyevu hurudi, nazo hutanuka, zaidi kwa upana kuliko kwa urefu.

Skrubu peke yake ni rahisi, lakini ikiingia kichwani mwa ubao haishiki sana. Pembe ya nyuzi 45 inapendeza, ila gundi yake ni dhaifu. Kwa fremu, chagua ulimi na tundu. Kwa sanduku, meno ya mkia wa njiwa. Kibao cha katikati kikae kwenye mfereji bila gundi, kipate nafasi ya kutanuka.

Mafundi wa pwani nao waliiachia mbao nafasi: mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi, ukanyumbuka na mawimbi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Usipochagua ungio utanunua mbao upya.