Uchu Unaosubiri Maskani

Mtu ameacha unga, yaani heroini, kwa miezi. Arosto, yale maumivu ya kuacha, imekwisha zamani, amenawiri, analala vizuri. Anarudi mtaani, anapita maskani ya zamani, na ghafla miayo inamwandama, kamasi zinamtoka, tumbo linamkata. Nyumbani watasema hakutaka kuacha. Si kweli, na lawama hiyo huwaumiza wagonjwa bure. Katika miaka ya 1940, daktari Abraham Wikler aliona hali hiyohiyo hospitalini Lexington, Marekani: wagonjwa waliokwisha kusafishwa mwili walianza kupiga miayo na kutokwa machozi kwa kuzungumzia dawa tu. Mwili umezoea kwamba sindano, kona fulani au rafiki fulani ni ishara ya dawa kufika, nao hujiandaa mapema.

Tiba ya kukabili vichocheo, yaani ishara hizo, inaanzia hapo. Kwa mfano, mgonjwa wa pombe, akiwa ameshatolewa pombe mwilini salama, huketi na mtaalamu akiwa na glasi ya kinywaji alichokipenda. Anaishika, anainusa, hanywi. Kila baada ya dakika chache anapima uchu wake kuanzia 0 hadi 10. Unapanda, unafika kileleni, kisha unashuka wenyewe. Wengi hawajawahi kuushuhudia mteremko huo, maana kila uchu ulipopanda waliukatisha kwa kunywa.

Hata hivyo, mwaka 2002 watafiti Conklin na Tiffany walipopitia majaribio ya tiba hii, hawakupata ushahidi thabiti kwamba inazuia watu kurudia ulevi. Sababu mojawapo imo katika kazi za mwanasaikolojia Mark Bouton kuhusu wanyama: somo jipya halifuti la zamani, tena hushikamana na mahali lilipofunzwa. Uchu uliotulia kliniki unaweza kuamka baa. Kwa hiyo naamini zoezi hili lisiishie chumba kimoja, na liambatane na mbinu za kukataa na kuondoka. Kwa heroini, lisichukue nafasi ya dawa ya methadoni, ambayo hospitali ya Muhimbili, Tanzania, ilianza kuitoa mwaka 2011.

Nawasihi ndugu: msiweke chupa mezani wala kumpeleka mgonjwa maskani ili kumpima. Akiteleza kwenye heroini, mwili wake haustahimili tena kama zamani. Kiasi alichokuwa akitumia kila siku kinaweza kumzuia kupumua, na hapo anahitaji kufikishwa hospitali mara moja.