Kwa nini kipa kinda wa hoki ya barafu husugua benchi miaka mingi kabla ya kupewa lango?

Agosti 2024, kipa wa miaka 22 kutoka Urusi, Yaroslav Askarov, aliomba kuondoka kwenye klabu yake, Nashville Predators ya Marekani.

Hakuwa kipa wa kubahatisha. Nashville ilimchagua mwaka 2020 akiwa wa 11 kati ya vijana wote waliochaguliwa mwaka ule, nafasi ya juu sana kwa kipa. Msimu uliotangulia alikuwa ameshinda mechi 30 kwenye ligi ya chini.

Lakini kwa miaka minne yote hiyo, mechi alizoichezea Nashville kwenye ligi kuu zilikuwa 3 tu.

Sasa jiulize: kama kijana ni mkali hivyo, kwa nini asipewe lango? Na je, klabu ilikosea kumsubirisha? Jibu linaanzia kwenye kazi yenyewe ya kipa wa hoki.

Kazi ya robo sekunde

Hoki ya barafu huchezwa na watu sita kila upande, watano wa ndani na kipa mmoja, wote wakiwa wamevaa viatu vya kuteleza. Wanagombea kisahani kigumu cha mpira mweusi kiitwacho paki, chenye uzito wa gramu 170 hivi.

Lango lina upana wa mita 1.83 na urefu wa mita 1.22. Ni dogo sana ukililinganisha na la soka. Ila usidanganyike.

Shuti likipigwa kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa kutoka umbali wa mita 10, paki hufika langoni kwa muda unaokaribia robo ya sekunde. Ukisubiri uione ndipo uruke, umeshafungwa.

Kwa hiyo kipa mzuri hategemei wepesi peke yake. Anasoma bega la mpigaji, anaangalia gongo limekaaje, anajua nani amejificha nyuma ya beki. Anakuwa ameshasimama mahali sahihi kabla shuti halijapigwa.

Akili hiyo hujengwa na mechi, na mechi nyingi. Haiji kwa kipaji pekee.

Winga anaweza kuonjeshwa, kipa hawezi

Hapa ndipo ugumu wa kulea makipa ulipo.

Kocha akitaka kumpima mshambuliaji kinda, anamwingiza dakika nane au kumi kati ya dakika 60 za mechi. Akikosea, wenzake wanamfunika. Kesho anamwongezea kidogo. Kijana anazoea taratibu.

Kipa hana dakika nane. Akiingia, kwa kawaida anamaliza mechi nzima. Na kosa lake halifunikwi na mtu, linaandikwa kwenye ubao wa magoli.

Tena lango ni moja. Ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, ina timu 32. Maana yake kuna nafasi 32 tu za kipa namba moja kwenye ligi nzima, na nyingine 32 hivi za wasaidizi. Basi.

Tofauti kati ya kipa mzuri na wa kawaida nayo ni nyembamba sana. Chukua makipa wawili. Mmoja anaokoa mashuti 92 katika kila 100, mwingine 90. Unaona kama wako sawa, sivyo?

Piga hesabu. Kipa namba moja anaweza kucheza mechi 60 kwa msimu na kupigiwa mashuti 30 kila mechi. Hayo ni mashuti 1,800. Yule wa pili atafungwa magoli 36 zaidi. Magoli 36 yanatosha kabisa kuitoa timu kwenye mbio za Kombe la Stanley.

Ndiyo maana klabu haithubutu kumtupa kijana langoni ili "ajifunze".

Basi anajifunzia wapi?

Njia ziko tatu kubwa.

Ya kwanza ni ligi ya chini. Kila klabu ya NHL ina timu rafiki kwenye ligi ya AHL. Ya Nashville ni Milwaukee Admirals. Huko kijana anacheza mfululizo, anafungwa, anarekebishwa, na wiki inayofuata anarudi tena langoni.

Ya pili ni kumwacha nyumbani kwao. Henrik Lundqvist alichaguliwa na New York Rangers mwaka 2000, akiwa wa 205. Hakuhamia Marekani haraka. Alibaki Sweden miaka mitano akidaka dhidi ya watu wazima, akaja New York mwaka 2005 akiwa ameiva. Alimaliza na ushindi wa mechi 459 na mwaka 2023 akaingizwa kwenye Jumba la Heshima la hoki.

Ya tatu ni chuo kikuu. Connor Hellebuyck alichaguliwa na Winnipeg Jets mwaka 2012, akiwa wa 130. Akacheza misimu miwili ya chuo, kisha msimu mmoja AHL, ndipo akapandishwa. Leo ana tuzo tatu za Vezina, ambayo ni tuzo ya kipa bora wa NHL: 2020, 2024 na 2025.

Lundqvist na Hellebuyck hawakuchaguliwa juu. Kipa wa miaka 18 ni vigumu sana kumjua, maana mwili bado unakua na akili ya mchezo bado haijakaa.

Nashville, shule ya subira

Klabu moja iliyoufanya utaratibu huu kuwa mila ni hiyohiyo Nashville.

Mwaka 2004 walimchagua kijana wa Ufini, Pekka Rinne, akiwa wa 258. Raundi ya nane! Siku hizi raundi hiyo haipo kabisa, kwani uteuzi unaishia raundi ya saba.

Rinne hakuwa hata kipa namba moja kwenye timu yake ya Oulu. Alikuwa msaidizi wa Niklas Bäckström. Mskauti wa Nashville alimtazama zaidi wakati wa kupasha misuli kabla ya mechi, maana kwenye mechi zenyewe alikuwa haonekani sana.

Walipomchukua hawakumharakisha. Alikaa misimu mitatu Milwaukee. Alipokabidhiwa lango la NHL msimu wa 2008-09 alikuwa na miaka 26, na msimu huohuo akashinda mechi 29.

Mwaka 2017 aliifikisha timu fainali ya Kombe la Stanley. Mwaka 2018, akiwa na miaka 35, akachukua Vezina. Alistaafu mwaka 2021, na jezi yake namba 35 ndiyo ya kwanza kustaafishwa na klabu hiyo.

Nyuma ya kazi hiyo alikuwepo mwalimu wa makipa, Mitch Korn. Huyu ana mbinu zake. Alikuwa akiwapigia makipa paki nyeupe, ambayo juu ya barafu haionekani vizuri, ili macho yazoee kuitafuta. Mara atumie paki ndogo kuliko za kawaida. Ukirudi kwenye paki nyeusi ya saizi ya kawaida, unaiona kubwa kama sahani.

Rinne alipokuwa bado yuko juu, mrithi tayari alikuwa jikoni. Juuse Saros, Mfini mwingine, alichaguliwa mwaka 2013 akiwa wa 99.

Tatizo la Saros lilikuwa kimo. Ana sentimita 180 hivi, wakati Rinne ana 196. Kwa kipa wa kisasa 180 ni ufupi, kwa sababu makipa wengi hucheza kwa kupiga magoti na kutandaza miguu kulia na kushoto kama mabawa ya kipepeo. Ukiwa mrefu, hata ukipiga magoti mabega bado yanaziba kona za juu. Ukiwa mfupi, kona zinabaki wazi.

Kwa hiyo Saros ilibidi acheze tofauti: asogee mbele kidogo kupunguza pembe, akae wima muda mrefu zaidi, asome mchezo mapema. Mambo hayo hayafundishwi kwa wiki mbili. Alianzia Milwaukee, kisha akawa msaidizi wa Rinne kwa misimu kadhaa, akimtazama mkubwa wake anavyofanya kazi.

Lango likawa lake kweli msimu wa 2020-21. Msimu uliofuata alicheza mechi 67, nyingi kuliko kipa yeyote wa NHL, na akawa mmoja wa watatu wa mwisho kuwania Vezina.

Angalia umri wao. Rinne alikuwa na 26, Saros alikuwa anakaribia 26. Hiyo si bahati mbaya.

Ukiharakisha inakuwaje?

Waulize New York Islanders.

Mwaka 1997 walimchagua Roberto Luongo, wa 4 kwa jumla. Kufikia mwaka 2000 alikuwa amewachezea msimu mmoja tu. Wakamwona Rick DiPietro, wakampenda zaidi, wakamchagua wa kwanza kabisa. Siku hiyohiyo wakamuuza Luongo kwenda Florida.

DiPietro alitupwa NHL akiwa na miaka 19. Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 3 kati ya 20. Baadaye alitulia, na mwaka 2006 akapewa mkataba wa miaka 15 wenye thamani ya dola milioni 67.5.

Kisha majeraha yakamwandama. Mwaka 2013 klabu ikauvunja mkataba kwa kukubali kumlipa dola milioni 1.5 kila mwaka kwa miaka 16. Malipo hayo yanakwenda mpaka mwaka 2029.

Tuwe wakweli, kilichommaliza DiPietro ni mwili wake zaidi kuliko haraka ya klabu. Lakini kumwacha Luongo baada ya msimu mmoja ilikuwa haraka tupu. Jamaa alishinda mechi 489, na mwaka 2022 akaingia Jumba la Heshima.

Subira nayo ina bei

Sasa turudi kwa Askarov.

Utamuona kama kijana aliyekosa uvumilivu. Lakini hebu jiweke kwenye nafasi yake.

Rinne alipokuwa anamsubirisha Saros, umri ulikuwa upande wa kijana. Rinne alikuwa mkubwa kwa zaidi ya miaka 12, na kila mtu alijua siku moja atastaafu. Saros alikuwa anasubiri kitu kinachokuja.

Kwa Askarov ilikuwa tofauti. Saros amemzidi miaka saba tu. Na tarehe 1 Julai 2024 Nashville ikampa Saros mkataba mpya wa miaka minane, dola milioni 7.74 kwa mwaka. Siku hiyohiyo ikamsajili Scott Wedgewood, kipa mzoefu, kuwa msaidizi.

Maana yake namba moja ina mwenyewe kwa miaka mingi, na namba mbili imeshajazwa. Kwa Askarov kilichobaki ni Milwaukee, kwa msimu wa tatu. Iliripotiwa kuwa hakuwa tayari kurudi huko.

Nashville nao walikuwa na hoja yao. NHL ina ukomo wa mishahara. Msimu wa 2024-25 kila timu iliruhusiwa dola milioni 88 kwa kikosi kizima. Kipa kinda kwenye mkataba wake wa kwanza wakati huo alilipwa mshahara wa chini ya dola milioni moja kwa mwaka. Ukimwamini kijana, unabaki na milioni kadhaa za kununua mabeki na washambuliaji. Ukimwamini mzoefu, unanunua uhakika. Walichagua uhakika.

Mwisho wa Agosti walimpeleka San Jose Sharks, timu iliyomaliza mkiani msimu wa 2023-24. Wao wakapata chaguo la raundi ya kwanza, mshambuliaji kinda David Edstrom na kipa Magnus Chrona. Pamoja na Askarov walitoa mchezaji mwingine na chaguo la raundi ya tatu.

Yaani miaka minne ya malezi, matunda akayachuma mwingine.

Je, ilikuwa kosa? Hata kwa miaka michache ijayo watu watabishana. Lakini funzo la kwanza liko wazi: kumlea kipa hakuishii kumfundisha kudaka. Lazima pia upange kalenda, ujue lango litakuwa wazi lini, na nani atakuwa amefikisha umri gani siku hiyo. Ukikosea kalenda, unamlelea jirani.

Na la pili? Askarov alipofika San Jose, kwenye timu iliyokuwa ya mwisho kabisa, hakukabidhiwa lango siku ya kwanza. Alianza msimu kwenye timu yao ya AHL, San Jose Barracuda, ndipo akaanza kuitwa timu kubwa.

Alibadilisha klabu. Foleni akaikuta palepale, ila hii ilikuwa fupi zaidi.