Tenga na Robota: Istilahi za Kufungasha Mafaili ya Kompyuta

Watafsiri wa vitabu vya mafunzo ya kompyuta wamezoea kuliita "nyaraka" lile faili linalotengenezwa na programu iitwayo tar. Tafsiri hiyo haifai. Kwa mtumishi wa serikali, nyaraka ni hati zilizochambuliwa na kutunzwa daima, kama zile zinazosimamiwa kwa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002. Kwa tar, jambo lenyewe ni dogo zaidi: faili moja ambalo ndani yake yametiwa mafaili mengi ili yachukuliwe kwa pamoja. Programu hiyo ilitokea mwaka 1979 katika toleo la saba la mfumo wa Unix, nayo ilipewa jina kutokana na tepu za sumaku zilizotumika kutunzia habari.

Kosa la pili ni kuchanganya kufungasha na kushindilia. Hapa Usambara yatupatia mfano ulio wazi. Mkulima wa Lushoto huyapanga mapeasi yake katika tenga, nalo tenga huteremshwa kwa gari kupitia Soni hadi Mombo. Tenga hukusanya tu. Halipunguzi ukubwa wa tunda hata moja, tena lina uzito wake lenyewe. Huko bondeni, kuelekea Korogwe, katani hufanyiwa kazi nyingine: hushindiliwa kwa mashine hata ikawa robota. Tar ni tenga. Kila faili linalotiwa humo hutanguliwa na kichwa cha baiti 512, na mwisho wake hujazwa hadi litimie kigawe cha 512. Kwa hiyo tenga huwa kubwa kuliko vilivyomo. Anayeshindilia ni mwingine, kwa mfano programu ya gzip, ambayo tar huiita kwa herufi z. Maneno kama "Mahakama ya Wilaya ya Lushoto", yakirudiwa mara nyingi katika hukumu, huandikwa kamili mara moja, kisha mahali pengine panapokaribiana huwekwa kielekezo kifupi tu. Lifunguliwapo robota, hakuna herufi iliyopotea. Ndiyo sababu hatulipendi neno "kugandamiza", ambalo laleta fikra ya kitu kilichopondwa. Picha ambazo zimekwisha kushindiliwa tangu kamera hazipungui sana zikishindiliwa tena.

Tuendelee na mfano wa hukumu, kwani Lushoto ndiko kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Mahakamani, "jalada" ni la kesi, na ndani yake zimo hati nyingi. Mtafsiri asilitumie neno hilo kwa faili la kompyuta. "Faili" latosha, na jalada libaki na wenyewe.

Sasa tufike penye hatari. Herufi zinazofuata jina la programu huitwa "machaguo", na wengine wamethubutu kuziita "hiari". Hiari ni kitu ambacho mtu aweza kukiacha. Lakini karani hawezi kuziacha zote tatu hizi: c, kufunga tenga jipya, x, kulifungua, t, kuorodhesha yaliyomo. Lazima ataje tendo, na kati ya hizo tatu ataje moja tu. Twapendekeza basi ziitwe "machaguo ya tendo", na zile kama v (kutaja kila faili linaposhughulikiwa) na z ziitwe "machaguo ya namna". Mwalimu wa sarufi atatambua mara moja kitenzi na kielezi.

Tuseme karani anataka kulitoa faili la rufani katika tenga la hukumu. Amri sahihi ni hii:

tar xf hukumu.tar rufani

Akiandika c badala ya x, tenga la zamani hufutwa papo hapo pasipo kuulizwa, na mahali pake huwekwa jipya lenye rufani peke yake, au lisilo na kitu ikiwa hakuna rufani nje ya tenga. Kazi ya mwaka mzima yaweza kupotea hivyo. Kitabu kinachomwambia kwamba herufi hizo ni za hiari hakikumwonya.

Herufi f nayo yahitaji yambwa, yaani jina la tenga. Katika mtindo wa kale, usio na kistari, cfv hukubalika, na jina hufuata baadaye. Kikitangulizwa kistari, yambwa huwa ni chochote kinachoigusa f kwa nyuma:

tar -cfv hukumu.tar hukumu

Amri hii hutengeneza tenga liitwalo v, kisha hulalamika kwamba hukumu.tar halionekani. Karani atalitafuta tenga lake asilione, ilhali liko mbele ya macho yake kwa jina la herufi moja. Katika vitabu vya mafunzo f na iandikwe mwisho daima: -cvf, -xvf, -tvf.