Kiti cha Ngozi Kilichopasuka

Kiti cha ngozi kikipasuka, fundi hashiki sindano upesi. Kwanza anafuta vumbi, anakunja ngozi kidogo kando ya mpasuko, anatazama. Ikikunjika vizuri, ni nzima. Ikiwa ngumu, jua limeikausha: anaipaka mafuta kidogo, anaiacha kivulini hata kesho. Watoto huosha kiti kwa maji mengi na kukianika juani. Nia yao ni njema, lakini ngozi inakuwa kama ubao. Ngozi ikitoa unga mwekundu, imeoza, wala mafuta hayaiponyi: yatakiwa ngozi mpya.

Mpasuko wa ngozi nzima haushonwi juu juu, maana matundu ya sindano hudhoofisha kingo zake. Fundi anapaka kiraka gundi, anakiingiza chini, anakutanisha kingo, kisha analaza ubao na jiwe juu yake mpaka gundi ikauke.