Runinga ya umma ni ya nani?

Mnamo mwaka wa 1955, wakazi wa mji wa Jackson, jimboni Mississippi, Marekani, walikuwa wakitazama mahojiano katika runinga pale picha ilipokatika. Mahali pake pakatokea maandishi ya kuomba radhi kwamba waya zimepata hitilafu. Waya hazikuwa na hitilafu yoyote. Aliyekuwa akihojiwa ni Thurgood Marshall, wakili Mweusi aliyeongoza ushindi katika kesi ya 1954 iliyoharamisha kuwatenga watoto shuleni kwa misingi ya rangi, na wakuu wa kituo cha WLBT hawakutaka asikike. Miaka mitano baadaye wakili huyo huyo aliketi katika mkutano wa Lancaster House, London, akiwa mshauri wa wajumbe Waafrika kutoka Kenya, akaandika rasimu ya haki za raia kwa ajili ya nchi iliyokuwa mbioni kujitawala. Naam, aliyenyamazishwa Jackson ndiye aliyetafutwa na wazee wetu.

Nimeanza na kisa hiki makusudi. Tunapozungumzia vipindi vya runinga kuhusu haki za kiraia, aghalabu tunauliza iwapo vipindi hivyo ni vizuri na vinafaa kuonyeshwa wanafunzi. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: nani ana uwezo wa kuvizima, na mtazamaji ana njia gani ya kisheria ya kumzuia?

Watu wa Jackson waliitafuta njia hiyo. Asilimia 45 hivi ya wakazi wa eneo lililofikiwa na WLBT walikuwa Weusi, lakini kituo kiliwatendea kana kwamba hawakuwako. Mwaka wa 1964, Mchungaji Everett Parker wa kanisa la United Church of Christ, akishirikiana na viongozi Weusi wa Mississippi, aliwapa watu wa kujitolea kazi ya kutazama vipindi vya kituo hicho na kuandika kila walichokiona. Kwa ushahidi huo wakaiomba Tume ya Mawasiliano ya Marekani ikinyime kituo leseni mpya. Tume ikawajibu kwamba watazamaji hawana haki ya kusikizwa katika shauri la leseni, kwa kuwa hawana fedha zao katika biashara hiyo! Mwaka wa 1966 Mahakama ya Rufani iliamua vingine: anayetazama ana haki ya kusikizwa. Mwaka wa 1969 mahakama iyo hiyo ikaifuta leseni ya WLBT.

Msomaji atasema kwamba hicho kilikuwa kituo cha wafanyabiashara, na kwamba runinga ya umma ni kitu kingine. Ni kweli kwamba sheria ya utangazaji wa umma, aliyoitia sahihi Rais Lyndon Johnson mwaka wa 1967, ilikusudiwa kuwapa Wamarekani runinga isiyotegemea matangazo ya sabuni na sigara. Lakini jina peke yake halikutosha. Mwaka wa 1975 tume ile ile ilikataa kuongeza muda wa leseni za vituo vinane vya runinga ya elimu vya jimbo la Alabama, kwa sababu katika miaka iliyotangulia vilikuwa vimevitupa kando vipindi vilivyowahusu Weusi. Wenye vituo waliruhusiwa kuomba upya, lakini aibu ilikuwa imekwisha kuandikwa. Hivi vilikuwa vituo vya elimu, jamani.

Hata hivyo, ni runinga ya umma iliyotoa kazi ambayo sijaona ya kuishinda katika uwanja huu, nayo ni Eyes on the Prize. Mtunzi wake, Henry Hampton, alizaliwa St. Louis mwaka wa 1940, akaugua polio akiwa kijana, akaandamana Selma Machi 1965. Miaka mitatu baadaye alianzisha kampuni ya Blackside huko Boston. Jaribio lake la kwanza la kuisimulia historia hiyo, mwishoni mwa miaka ya sabini, lilikuwa chini ya kampuni ya runinga ya kibiashara, ambayo ilijitoa. Kazi ilipotokea hatimaye mwaka wa 1987 katika vituo vya PBS, ilikuwa sehemu sita za saa moja moja kuhusu miaka ya 1954 hadi 1965. Sehemu nane nyingine zikafuata mwaka wa 1990.

Walimu wenzangu wangefaidika kuujua utaratibu wake. Kabla ya kamera kuwashwa, Hampton aliwaketisha wafanyakazi wake darasani, wakafunzwa na wanahistoria pamoja na watu waliokuwa katika mapambano yenyewe. Msimulizi, Julian Bond, naye alikuwa mwanaharakati wa miaka hiyo. Katika filamu hamna profesa anayekaa mbele ya rafu ya vitabu kutufasiria mambo. Wanaosema ni walioyaona kwa macho, hata Jim Clark, sherifu wa kaunti ya Dallas aliyewakabili waandamanaji wa Selma. Mwanafunzi anamsikia mkandamizaji akijieleza kwa kinywa chake mwenyewe, kisha anaachiwa apime.

Kasoro ilikuwa kwingine. Picha za mbwa na mipira ya maji iliyoelekezwa kwa watoto wa Birmingham mwaka wa 1963, picha za askari wakiwapiga watu kwenye daraja la Selma, nyimbo za maandamano, yote hayo yalikuwa na wenyewe: mashirika ya habari, wapiga picha, makampuni ya muziki. Hampton hakuwa na fedha za kununua hakimiliki za kudumu, akanunua za miaka michache. Katikati ya miaka ya tisini muda ukaanza kwisha, na filamu hiyo haikuweza tena kutangazwa wala kuuzwa upya. Shule na maktaba zilibaki na kanda za zamani, ambazo kila zikichezwa zilizidi kuchakaa. Hampton alifariki mwaka wa 1998 kazi yake ikiwa kifungoni. Ni wakfu wa Ford na mfadhili mmoja tajiri waliotoa zaidi ya dola 800,000 mwaka wa 2005 ili hakimiliki zinunuliwe tena, na sehemu sita za kwanza zikarudi hewani Oktoba 2006. Mama aliyepigwa mbele ya kamera, pengine bila kuulizwa kama anataka kupigwa picha, ilibidi angoje tajiri amlipie ndipo wajukuu wamwone.

Mambo hayajatengemaa tangu hapo. Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengewa utangazaji wa umma, na shirika lililokuwa likizigawa tangu enzi ya Johnson likatangaza Agosti kwamba linafunga kazi. Miezi michache kabla ya hapo, sehemu mpya za Eyes on the Prize zilikuwa zimetoka HBO, idhaa ya kulipia.

Sisi tunayo maneno yaliyo wazi kuliko waliyokuwa nayo watu wa Jackson. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kinasema vyombo vya habari vya serikali viwe huru kuamua vitakachotangaza, visipendelee upande, na vitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayotofautiana na yale yanayopinga. Kifungu cha 22 kinampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani haki yake inapokiukwa. Darasa la kidato cha tatu lenye daftari, saa ya ukutani na runinga moja linaweza kufanya kwa wiki moja kazi waliyoifanya watu wa Mchungaji Parker: nani alisemeshwa, kwa dakika ngapi, na nani hakuonekana kabisa.