Mguu Uliofupika Baada ya Kuanguka

Mama mzee aliyekuja kutoka kijijini kumtembelea mwanawe kambini huteleza bafuni, akaanguka kwa ubavu. Hakuanguka kutoka mtini wala darini, lakini kwake kimo hicho chatosha kuvunja mfupa wa paja, pale penye shingo yake karibu na nyonga. Mifupa ya wazee huwa imepungukiwa nguvu, hasa ya wanawake waliokwisha koma hedhi.

Kabla ya kumwinua, tazameni miguu yake. Mguu uliovunjika mara nyingi huonekana mfupi kuliko mwenzake, na wayo wake huelekea nje. Mwenyewe hawezi kuunyanyua. Maumivu huyasikia kinenani. Wengine hulalamikia goti, nalo goti ni zima, na jamaa wakapoteza siku kadhaa wakilikanda bure.

Katika ajali ya gari mguu uliofupika waweza kuelekea ndani. Hapo yaelekea nyonga imeteguka, na hilo nalo ni jambo la haraka. Mtu asijaribu kuuvuta barabarani.

Kuna mvunjiko unaodanganya. Vipande vya mfupa vikiwa vimeshikana, mgonjwa aweza kusimama na kuchechemea hadi jikoni, watu wakasema amepona. Kumbe hatua chache zaidi zaweza kuviachanisha na kukata mishipa midogo ya damu ipitayo hapo. Kichwa cha mfupa kikikosa damu hufa. Mzee wa namna hiyo apigwe picha ya eksirei, na picha isipoonyesha kitu ilhali maumivu yangalipo, arudishwe kwa daktari.

Kuruta naye asidhani kwamba habari hii haimhusu. Mbio na mizigo mizito ya ghafla, siku baada ya siku, zaweza kutia ufa shingo ya paja pasipo kuanguka kokote. Kinena humuuma akienda, hutulia akipumzika. Sajini asimwite mvivu. Ampeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Mgonjwa asikandwe wala asisimamishwe. Wekeni blanketi lililokunjwa kati ya miguu, muifunge pamoja kwa vitambaa vipana pasipo kuunyosha ule ulioumia, kisha mchukueni kwa machela, au juu ya mlango uliong'olewa. Kulala kitandani siku nyingi huleta vidonda, kuganda kwa damu miguuni na homa ya mapafu. Ndiyo maana madaktari hupenda kumpasua mapema, katika siku mbili za kwanza ikiwezekana.